Funga Dirisha

Tulikuwa mia mbili na kumi na wanne kwa hesabu ya Hefin,
na Hefin hakosei hesabu; hukosea mengine yote.
Treni ya kukodi, mabehewa saba, Jumamosi ya Machi.
Tuliipanda Cardiff maduka hayajafunguliwa,
kila mtu na daftari, kalamu mbili, mkate wa jibini,
nami na Eluned, aliyekuja, alisema, kulinda chai tu.

Njia ile ilikuwa imebakiza wiki tatu.
Wakubwa walishapiga muhuri: abiria haba, hasara tele.
Siku za kawaida ilibeba maziwa, wanafunzi,
na bibi mmoja wa Nant-y-Wennol
aliyekwenda kila Alhamisi kumtukana daktari wa meno.
Siku ile ikatubeba sisi, waombolezaji wenye kamera,
tuliokuja kumzika mtu naye angali anapumua.

Penye wengi pana mengi.
Hefin anasema kichwa cha treni kilikuwa kijani.
Gwyndaf anaapa kilikuwa buluu, tena kimebabuka ubavuni.
Hefin anasema jua; Gwyndaf anasema mvua;
mimi nakumbuka vyote viwili, kama ilivyo desturi ya Wales,
mvua dirisha la kushoto, jua dirisha la kulia.
Namba tu hatuigombanii. Imo katika madaftari yote matatu,
tarakimu nne, wino ule ule uliochujuka.
Namba haina rangi. Namba hainyeshewi.

Nayakumbuka mataruma yaliyooza
yakilia chini yetu kama viti vya kanisani,
ukoka umeota katikati ya reli,
na lile daraja la matao:
dereva akatambaa juu yake kama mtu abebaye bakuli lililojaa,
na chini, mbali, mchungaji mmoja akavua kofia.
Tukanyamaza sote. Hata Hefin.

Kisha kondoo.
Kumi na saba (hii ni ya Hefin), wamelala njiani, hawana haraka.
Gadi akapuliza filimbi, akapunga kibendera,
akashuka, akawasihi kwa Kiwelisi,
kwani Kiingereza, alituambia, hawakielewi.
Nusu saa nzima. Tukashuka kwenye nyasi zilizolowa,
wanaume wazima wenye tai, tukisukuma matako ya kondoo,
na Eluned juu ya ngazi ya behewa akicheka
hadi chai yote aliyokuja kuilinda ikamwagika.

Nilikuwa na kinasa sauti, kizito kama tofali,
maikrofoni nimeivisha soksi isinase upepo.
Mlima ulipoanza nikaitoa dirishani
niipate injini ikipanda: ule mkoromo,
kile kikohozi cha chuma, mwangwi ukirudi kutoka msituni.
Dakika ishirini na mbili. Mkono ukafa ganzi.

Reli waling'oa. Pale stesheni sasa pana mtu afugaye nyuki.
Juzi mjukuu wangu, Lleucu, kaihamishia kanda kwenye simu yake.
Nikavaa visikizio, nikafumba macho nisikie injini.
Injini ipo, lakini mbali, kama mtu anayekokota kabati ghorofani.
Mbele yake, karibu kabisa na sikio:
"Funga dirisha, baridi."
Kimya. Kijiko kinagonga kikombe.
"Mtu gani huyu? Funga dirisha, nimesema."
Na mimi, kijana, jeuri: "Sss!"

Jumanne nikawasikilizisha akina Hefin.
Gwyndaf akasema, hiyo injini ni buluu, sikilizeni.
Hefin akanitazama, hakuhesabu kitu.
Nikairudisha nyuma kidogo,
pale kabla sijamnyamazisha.